PHP ya mzee na simu ya Mwaloni

Kijana ninayefanya naye kazi hapa Mwanza huniambia, "Mzee, PHP peleka makumbusho." Kwake kila tovuti ni JavaScript, lugha ya programu inayofanya kazi hasa ndani ya kivinjari cha mtumiaji, iwe ya benki au ya dagaa. Mimi PHP, lugha inayoandaa ukurasa kwenye seva, yaani kompyuta ya mbali inayotunza tovuti, ndiyo imenisomeshea watoto, kwa hiyo mjue mapema nimekaa upande gani.

Ubishi ulipamba moto tulipopewa kazi ya ukurasa wa bei na oda kwa wauza dagaa wa Mwaloni, Kirumba. Kijana akautengeneza kwa React, zana ya JavaScript ya kujengea kurasa. Kwenye kompyuta yake ulikuwa mtamu kweli. Tukashuka nao sokoni. Mama wa kwanza akatoa simu yenye ufa kwenye kona, akafungua Opera Mini, maana ndiyo inayomlindia bando. Jina la tovuti likatokea, chini yake kiduara kikazunguka, kikagoma.

"Mwanangu, mbona peupe?"

Kosa lilikuwa letu. Opera Mini ikiwa kwenye hali ya kubana sana data, JavaScript haifanyi kazi ndani ya simu. Seva za Opera ndizo zinazofungua ukurasa, zinaiendesha kwa muda mfupi, kisha zinatuma matokeo yaliyobanwa. Ukichelewa kujaza ukurasa, mteja anapata sahani tupu. PHP humaliza kupika kwenye seva, simu inapokea kilichoiva.

Hapo ningeweza kushangilia, ila React nayo inaweza kupikwa kwenye seva. Ni sisi tu hatukufanya hivyo. Na PHP ina vituko vyake: kwenye amri yake ya strpos unaanza na maandishi marefu ndipo neno unalolitafuta, kwenye in_array unaanza na unachokitafuta. Miaka yote hii bado nachungulia mwongozo. JavaScript nayo, ambayo Brendan Eich aliiandika toleo la kwanza kwa siku kumi mwaka 1995, mpaka leo ukiiuliza null, yaani "hakuna kitu", ni aina gani inakujibu ni "object", yaani kitu. Nani amcheke mwenzake?

Kuhusu vivinjari, kijana hupima kwenye Chrome tu. Anasema Opera ya kompyuta ilihamia Chromium, msingi ule ule wa Chrome, mwaka 2013, Edge ikafuata 2020, basi ukipima moja umepima zote. Firefox na Safari zina injini zao, nikamkumbusha. Na yule mama je?

Lakini kuna hoja yake moja iliyonikalisha kimya. Mfanyabiashara akipanda meli ya Nansio, kisiwani Ukerewe, mtandao hukatika katikati ya maji. Kwenye Chrome, JavaScript inaweza kuuhifadhi ukurasa ndani ya simu, ikaishika oda mpaka mtandao urudi. PHP iko kwenye seva, nchi kavu. Haiwezi kumfuata mtu ziwani hata nikiitetea vipi.

Tukaandika upya: ukurasa wenyewe kwa PHP, na ile sehemu ya kushika oda kwa JavaScript yake, ifanye kazi pale tu kivinjari kinapoiweza. Kijana alinuna siku mbili. Tukarudi Mwaloni, mama akaufungua kwa Opera Mini ile ile, bei zikatokea mara moja, mstari kwa mstari. Akazisoma polepole, kidole juu ya ufa.

"Zimefunguka," akasema. "Ila hizi bei ni za juzi."