Sambusa mbili mkobani

Haya, kabla hamjaendelea kutumiana ile skrinshoti, nisikilizeni na mie. Shoga yangu wa Hisabati (anajijua, na yumo humu anasoma) keshasambaza kwenye magrupu matatu kuwa nimemtukana mgeni rasmi. Sikumtukana. Nilimsema. Tofauti ipo.

Watu wa Wete, hapa Pemba, ukumbi mnaujua, siutaji. Jana Jumamosi walimu kama arubaini tulikusanywa kuoneshana vitu vya mtandaoni vya kufundishia, na mie kwa kiherehere changu nikajitolea kuwa mwezeshaji. Wiki nzima najiandaa jamani. Nna PhET, yale majaribio ya sayansi ya Chuo Kikuu cha Colorado Boulder, unayashusha mara moja penye wifi afu darasani unayaendesha bila bando, mengine yamo hata kwa Kiswahili. Nna Plickers, hii ndo kipenzi changu kwa skuli zetu maana mtoto hahitaji simu, kila mmoja unampa karatasi yake ya alama nyeusi, akiishika hivi ni A akiigeuza vile ni B, wewe mwalimu unapitisha kamera ya simu yako tu darasa zima na majibu yanaingia. Kadi arubaini nimechapisha kwa pesa yangu, na wino mnajua bei yake. Lakini nikataka nianze kwa kishindo.

Kishindo chenyewe ni kuandika kwa sauti. Unafungua dokumenti ya Google Docs, unabonyeza kimaiki, kikishakuwa chekundu basi kinasikiliza, unachosema kinajiandika. Kwenye orodha ya lugha utakuta Kiswahili cha Kenya na Kiswahili cha Tanzania. Cha Pemba hakimo, nadhani ndo maana mie na yeye hatukuelewana tangu mwanzo. Asubuhi nilimjaribu, nikasema kwa sauti ya darasani kabisa, "usanisinuru", ule mmea kujipikia chakula kwa mwanga wa jua. Akaandika "usanii sina nuru". Nikarudia taratibu kama namsomesha mtoto wa chekechea. "Usa ni sindano." Likumbukeni hili, nitalirudia kwa uchungu.

Nikatangaza basi, hotuba ya mgeni rasmi itajiandika yenyewe ukutani, na linki nishaitia kwenye grupu kila mtu afuatilie kwenye simu yake! Makofi. Mgeni wa watu akasimama na kaunda suti yake, mgongo kaupa ukuta, spika inanguruma, na kweli maneno yakawa yanatoka mazuri tu, ila hakuna nukta hakuna koma, mstari unakwenda kama daladala isiyo breki. Dakika kumi. Ishirini. Kufika ya thelathini nishasahau kama kile kimaiki bado chekundu, na laptopu iko mbele yangu pua kwa pua.

Mgeni kafika "tunaipongeza serikali kwa juhudi zake", akasita, anatafuta miwani mfukoni. Ukumbi kimya. Mie nikamwinamia shoga yangu.

Nilinong'ona. Wallahi nilinong'ona, mbu asingesikia. Nikainua uso nikamuona mwalimu wa mstari wa mbele kajiziba mdomo kwa mtandio, mabega yanamtetemeka. Nikadhani mjusi. Nikageuza shingo polepole kutazama ukuta, na pale, herufi moja sawa na kichwa cha mtoto:

"tunaipongeza serikali kwa juhudi zake shoga huyu leo hamalizi mie nna njaa zile sambusa mbili nishazitia mkobani twende nyuma tukale na hiyo suti vifungo vinaomba radhi"

Sambusa kaipata! Mkobani kaipata! Radhi, na dhi yake, kaipata! Usanisinuru nimempigia kelele mara mbili imemshinda, lakini umbea wa chini ya pumzi hakosi hata herufi.

Mgeni kashavaa miwani, anaona watu wanatikisika, akatabasamu. "Nafurahi mmeguswa." Na hilo likajiandika. Mie nikasema "shoga mbona wanatutazama", likajiandika. Nikasema "ya rabi kinaandika", likajiandika. "Nizime wapi", likajiandika, ukumbi mzima ukajibu "pale pale kwenye kimaiki!" na hilo nalo likajiandika. Mkono ukanitetemeka nikabonyeza nisipopajua, badala ya kuzima nikakuza. Ukutani sasa limebaki neno moja tu, SUTI nyiye, maana mengine hayaenei.

Msinicheke, sijafika pabaya.

Nikarudisha ukubwa wake, na hapo ndipo alipogeuka. Akasoma. Hakusoma harakaharaka kama mie na nyinyi, alisoma kwa kidole, midomo inacheza, tangu kwenye serikali. Namuona anapita kwenye njaa. Anapita kwenye sambusa, nyusi zikapanda. Kufika kwenye vifungo mkono wake wenyewe ukashuka tumboni, ukavipapasa kimoja, cha pili, cha tatu, kama anavihesabu kama vyote vipo. Mie ndo nikakumbuka kuwa projekta ina waya. Nikaung'oa.

Yaliyobaki sina nguvu ya kuyasimulia. PhET nilimaliza kwa dakika tano bila kumtazama mtu. Kwenye Plickers nikaomba mtu atunge swali la majaribio, Maalim mmoja wa Fizikia kasimama, "Sambusa mkobani ni ngapi, A moja, B mbili", kadi zote B, asilimia mia, mfumo unafanya kazi vizuri sana. Dokumenti nimeifuta maneno yote lakini kumbe skrinshoti zishapigwa zamani, linki si nimeitoa mwenyewe. Na sambusa hata sikuzila, kazila huyo huyo anayenisambaza.

Mgeni wakati wa kuondoka akapita mezani kwangu. Nikasimama, nikasema shikamoo mheshimiwa, macho chini. Akaitikia vizuri tu. Akasema, "Mwalimu, ile hotuba nitumie, sikuwa nimeiandika popote na ofisini wanaitaka kesho kutwa."

Sasa nimekaa nayo hapa tangu isha, nimeirudisha kutoka kwenye kumbukumbu za dokumenti, kurasa sita bila nukta, natafuta anapoishia yeye na ninapoanzia mie.