Wosia wa Feni

Mnaoniita marehemu tangu asubuhi, salamu zimefika. Mwenzangu wa chumbani amesharusha stori yake kwenye grupu la darasa, na kaitia chumvi gunia zima. Sikilizeni yangu.

Chanzo ni kitabu cha fiziolojia, somo la jinsi mwili unavyofanya kazi, maana nasomea udaktari. Makaka wa mwaka wa tatu walinishauri nichukue Ganong, chembamba kuliko mwenzake, Guyton. Nikaona mwanaume hatembei na kijitabu. Nikanunua Guyton ya mtumba, kurasa zaidi ya elfu moja, unaweza kuzuia nayo lori mlimani.

Ratiba yangu: chipsi mayai saa tano usiku, chali kitandani, Guyton juu ya tumbo, kurasa mbili, usingizi.

Mwezi haukuisha, sauti ikakwaruza. Kooni kama kuna kokwa ya ubuyu, haipandi haishuki. Kiungulia? Hata kidogo. Basi nikajipima mwenyewe (ndiyo, mwaka wa kwanza, chekeni tu): saratani. Usiku ule nikamrithisha mwenzangu feni. Tulilia wote. Yeye alilia kwa jicho moja, sasa naelewa.

Kliniki, daktari, mama wa makamo, akanipitishia kamera puani mpaka kwenye zoloto, pale sauti inapotokea. "Wekundu tu. Asidi ya tumboni inapanda hadi huku. Umio, ile njia ya chakula, una uvumilivu kiasi, koo halina, ndiyo maana unakwaruzwa bila kiungulia. Unakula saa ngapi?" Nikamwambia. "Na unasomaje?"

Hapo sasa. Mtu mwenye akili angejibu kwa mdomo. Mimi nikapanda kitanda cha kupimia. Nikalala chali. Nikatoa Guyton kwenye begi, nikaiweka tumboni taratibu, kwa heshima zote. Wanafunzi wanne wa mwaka wa tano wamesimama na madaftari. Kimya. Kitabu kikatulia. Halafu chapati za asubuhi zikajibu: mbweu, jamani, ndefu, yenye kona, imeanzia kitovuni ikapanda ngazi moja moja ikatokea usoni kwa daktari.

Akavua miwani, akaifuta. "Mmeona?" akawaambia wale wanne. "Tumbo likikandamizwa, mlango wa chini wa umio unasalimu amri."

"Shikamoo," nikasema. Sijui kwa nini.

Nimepewa dawa, nisilale mpaka yapite masaa matatu tangu nile, nisomee mezani. Kumbe yote yamo humohumo kwenye Guyton, sema sura za tumbo ziko mbele huko, na mimi mwezi mzima nipo kwenye seli.

Feni hajarudisha. Anasema wosia ni wosia.