Je, mkono huu ni wa Adam Pinkhurst?

Mhariri yeyote wa Hadithi za Canterbury za Geoffrey Chaucer, mshairi wa Kiingereza wa karne ya 14, lazima apitie nakala mbili kongwe zilizoandikwa kwa mkono. Moja, Hengwrt, imo katika Maktaba ya Taifa ya Wales mjini Aberystwyth. Ya pili, Ellesmere, iliishia katika Maktaba ya Huntington huko California. Kwamba zote mbili ziliandikwa na mtu mmoja, siku hizi wachache hubisha. Kinachogombaniwa ni jina lake.

Mwaka 1978 A. I. Doyle na M. B. Parkes, wataalamu wa miandiko ya kale, walimwita Mnakili B, basi. Walikuwa wakichambua kitabu cha John Gower, mshairi wa zama za Chaucer, kilichoko Trinity College, Cambridge, ambacho watu watano walikinakili kwa zamu, naye alikuwa wa pili. Mwaka 2004 mtaalamu mwingine, Linne Mooney, akatangaza kuwa B ni Adam Pinkhurst, mwandishi wa hati wa London ambaye kiapo chake cha miaka ya 1390 kimo katika kitabu cha chama cha waandishi wa hati. Jina hilo lilinoga kwa sababu Chaucer ana kishairi cha mistari saba anachomkemea mnakili wake aitwaye Adam: kwa haraka zako, mimi ndiye ninayebaki kukwangua ngozi ya kuandikia na kusahihisha.

Ukiweka picha za kiapo kando ya Hengwrt, unaelewa Mooney alivutwa na nini. Namna kalamu inavyoinuka na kupinda ni ya jamaa mmoja, na hata mapambo yanakumbushana, kama ile mistari miwili ya mshazari yenye nukta. Wanaomuunga mkono, Simon Horobin akiwa miongoni mwao, husema mwandiko hautambuliwi kwa herufi moja bali kwa mazoea mengi yanayokutana mahali pamoja. Hapo wana haki. Mtu aliyezoea kusoma barua za nduguye huujua mkono wake kabla hajaifikia sahihi.

Lakini kuna la kuuliza: mazoea hayo ni ya nani, ya mtu au ya shule? Mtindo wa mwandiko uliotumika, uitwao anglikana, ulifundishwa. Herufi a yenye vyumba viwili, r ndefu inayoshuka chini ya mstari, g inayofanana na tarakimu 8, w yenye vitanzi: hizo zote zimejaa London ya mwisho wa karne ya 14. Kuzikuta katika hati mbili ni sawa na kukuta mafundi wawili wa mtaa mmoja wanaoshona kola za aina moja. Jane Roberts mwaka 2011, na baadaye Lawrence Warner katika kitabu chake cha 2018, walilisukuma swali hili kwa nguvu, wakaona kiapo na nakala za Chaucer havitoki mkono mmoja.

Mimi kinachonisumbua zaidi ni kiapo chenyewe. Ni kifupi, na kiliandikwa kwa madaha mbele ya wenzake wa kazi, si kwa mwendo wa mtu mwenye mamia ya kurasa za kumaliza. Tena ni cha Kilatini. Kilatini hakina kazi na w isipokuwa kwenye majina, wala hakitumii herufi za Kiingereza cha kale kama þ. Tahajia nayo, ambayo ni shahidi mzuri wa mnakili wa Kiingereza, haiwezi kulinganishwa kabisa. Kwa hiyo kipimo kilichobeba jina zima ndicho chenye herufi chache kuliko vyote. Na jina likishapatikana huzaa: Pinkhurst akapewa pia ombi la wafanyabiashara wa vitambaa wa London, na nakala ya shairi la Piers Plowman. Kila kitu kipya kikiongezwa, kinalinganishwa na rundo zima badala ya kurudi kwenye kiapo.

Kishairi cha Adam ndicho kisaidizi dhaifu kuliko vyote. Kimesalia katika nakala moja tu, ya John Shirley, aliyekinakili baada ya Chaucer kufariki mwaka 1400. Na Adam, jina la baba wa watu wote, hakuwa mmoja tu London.

Kwa nini mtu ashughulike? Katika Hengwrt, hadithi ya Mpishi inakatika ghafla, na mnakili ameandika kwamba Chaucer hakutunga zaidi ya hapo. Kama B ni Adam aliyekemewa, huenda alilisikia hilo kwa Chaucer mwenyewe. Kama siye, huenda alichoka tu kuitafuta sehemu iliyobaki. Wahariri wanaojenga maandishi yao juu ya Hengwrt wanaweza kusema ni nakala nzuri na ya zamani bila kumtaja Pinkhurst. Wakisema ilipita mikononi mwa mtunzi, wanakitegemea kiapo kile cha Kilatini.