Kamera ya Ghala la Karafuu Haipimwi Mchana Mkavu

Msimu wa karafuu uliopita, ami yangu wa Wete alifungiwa kamera ya kunasa mwendo mbele ya ghala. Fundi akapita mara mbili mbele ya lenzi, simu ikalia, ami akalipa. Usiku ule simu haikunyamaza hata kidogo: mara paka, mara kuti la mnazi, mara taa za gari. Usiku wa tatu ami akazima mlio. Wiki haijesha, magunia mawili yakaibiwa. Video ya mwizi ipo, inaonekana vizuri kabisa, lakini tuliitazama asubuhi.

Tumezoea kuuliza kama kamera inanasa. Inayolia kwa kila kitu inanasa pia, na mwisho wake ni huo wa ami. Hesabu ziwe mbili: wezi wangapi imewakosa, na mara ngapi imelia bure.

Mifumo mingi ya bei nafuu hulinganisha picha na iliyotangulia. Pikseli nyingi, yaani nukta zinazounda picha, zikibadilika, inalia. Matone ya mvua yanayomulikwa usiku na taa ya infraredi ya kamera, ambayo macho hayaioni, huwa michirizi myeupe, na utando wa buibui ukicheza mbele ya lenzi huonekana mkubwa kuliko mtu. Kihisi cha joto nacho hutegemea tofauti ya joto la mwili na la mahali, na mchana wa kaskazi tofauti hiyo hupungua sana.

Wataalamu wanayo makusanyo ya video za kupimia. Mojawapo, CDnet ya 2014, ina video 53 katika makundi 11, na kundi la hali mbaya ya hewa ni la theluji. Nayaheshimu sana, kwani yamewezesha mifumo kushindanishwa kwa video zile zile. Lakini alama iliyopatikana kwenye theluji hainiambii kitu kuhusu masika ya Pemba.

Kwa hiyo tulifunga mifumo miwili kwenye ukuta mmoja kwa siku saba, mmoja wa kulinganisha pikseli, mwengine uliofunzwa kutambua umbo la mtu. Kamera ya tatu ilirekodi mfululizo, nasi tukaitazama yote, maana usipojua kilichopita kweli utajuaje kilichokoswa? Kijana wetu akajifanya mwizi: akatembea, akainama, akatambaa, akabeba gunia kichwani.

Wa pikseli ulimnasa kila safari, pamoja na kila kuku wa mtaa. Wa pili ulikuwa mtulivu, nikaanza kuupenda, mpaka nilipofika kwenye gunia. Alipojitwika likamfunika kichwa na mabega, haukumwona hata mara moja. Na mwizi wa karafuu hatoki mikono mitupu.

Tumeshusha kamera ya mfumo huo wa pili usawa wa kifua, na sasa inamwona karibu kila anapopita na mzigo. Mvua kubwa zikianza tutarudia zote siku saba, na daftari la hesabu zile mbili ni lile lile.