Buti Hili la Thelujini, Mguu Wangu Una Kosa Gani?

Jamani, nani aliamua kiatu kivaliwe kwa mieleka? Asubuhi Chamonix, mji wa milima ya theluji Ufaransa, baridi inakata masikio, nami nasukuma mguu kwenye buti la kutelezea thelujini mpaka jasho linatiririka. Kisigino kimegoma. Ulimi wa buti umejikunja. Kifundo kinalia! Na jioni kulivua? Ni kung'oa mbuyu!

Kinachoniudhi zaidi: walionikodisha wanajua plastiki ya buti hukakamaa kwenye baridi, lakini mabuti wanayalaza stoo iliyoganda. Kwa nini? Yalale ndani, penye joto. Fungua vifungo vyote, vyote kabisa, vuta ulimi mbele, tanua gamba, ile plastiki ngumu ya nje, kwa mikono miwili, vaa soksi moja nyembamba. Mguu unazama wenyewe! Sasa hiyo ni siri ya nini, wenzangu, mpaka tuchubuke kwanza?