Nani anaitikia hodi?

Keren Brown Wilson alikuwa mwanafunzi wa chuo mwenye miaka 19 mama yake, Jessie, alipopata kiharusi huko West Virginia. Jessie alikuwa na miaka 55 tu. Binti hakuwa na uwezo wa kumtunza, mama akaishia kwenye makao ya wazee yaliyoendeshwa kama wodi. Alichotamani kilikuwa kidogo: chumba chake, jiko dogo, choo chake, paka wake, samani zake, na mlango anaoweza kuufunga mwenyewe. Mwaka 1983 Wilson na mumewe wakafungua Park Place, makao ya wazee ya aina mpya, mjini Portland, Oregon. Kulikuwa na vyumba 112, na milango yake wapangaji waliweza kuifunga wenyewe kwa ndani.

Ubishi ukaanzia kwenye milango hiyo, na mpaka leo haujapoa.

Wanaoipinga si wakatili. Bibi wa miaka 85 akianguka bafuni usiku, mlango umefungwa, nani atamfikia? Mwenye kisukari akila apendavyo, kidonda kikachimba, lawama ni ya nani? Na aliyeanza kupoteza kumbukumbu akibandika sufuria akaisahau? Muuguzi aliyewahi kumkuta mzee sakafuni asubuhi, mwili umekuwa baridi, ana kila haki ya kuuliza hayo.

Ila tuangalie pia mengine yanayofanyika kwa jina la usalama. Mzee anaamshwa saa kumi na moja alfajiri ili zamu ya usiku imalize kazi kabla ya kukabidhi. Anaogeshwa kwa ratiba. Analala chumba kimoja na mtu asiyemjua. Nguo zake zinafuliwa na za wengine, anarudishiwa gauni la jirani. Sioni ni lipi hapo linalomkinga asianguke. Linalopata nafuu ni kazi ya wahudumu.

Serikali ya Oregon haikutaka maneno matupu, ikawafuatilia wapangaji wa Park Place. Matokeo yalitoka 1988: waliridhika zaidi na maisha, na afya zao hazikudorora. Uwezo wa mwili na wa akili ulipanda, sonona kali ikapungua. Kwa waliolipiwa na serikali, gharama ilikuwa chini kwa asilimia 20 kuliko ya makao ya uuguzi. Wengi hukimbilia hiyo asilimia 20. Mimi kinachonishika ni afya. Watu walikuwa wameonywa kwamba uhuru ungewaua wazee hawa. Hata kama afya zingebaki palepale tu, onyo hilo lingekuwa limeanguka. Nadhani sababu haiko mbali. Anayejichemshia chai husimama, hutembea hadi jikoni, hunyoosha mkono kufikia kikombe, hukumbuka sukari iko wapi. Anayeletewa chai kitandani hayafanyi hayo, na mwili usiotumika hulegea.

Nakiri kwamba hiyo ni nyumba moja, chini ya mwanzilishi aliyekuwa na uchungu na jambo lenyewe. Mtindo huu, unaoitwa “assisted living” (kuishi kwako huku ukisaidiwa), ulipogeuka biashara kubwa Marekani, wengi walichukua jina wakaacha ufunguo. Makao ya uuguzi yalibanwa na sheria ya taifa ya 1987. Haya mapya yaliachiwa kila jimbo. Yakaja pia makubaliano ya maandishi ambamo mzee anakubali hatari fulani, na wakosoaji wana hoja: karatasi hiyo inaweza kumlinda mwenye nyumba kuliko mpangaji.

Kwetu tunapenda kusema wazee hulelewa na familia. Katiba ya Kenya, kifungu cha 57, inawapa haki ya kuishi kwa heshima na kutunzwa na familia na Serikali pia. Lakini bibi akitolewa kijijini akaletwa mjini kwa mwanawe, mara nyingi hulala na wajukuu, haruhusiwi kugusa jiko, na chumba chake kila mtu huingia tu. Anapendwa kweli, ila hakuna anayembishia hodi.

Anayetaka kufungua makao ya wazee leo, Mombasa au Arusha, aanzie kwenye mlango. Komeo liwe upande wa mzee. Mlezi awe na ufunguo wa akiba wa dharura, kengele iwe karibu na kitanda na nyingine bafuni, na wahudumu wa usiku watoshe. Siku nyingine zote mlezi abishe hodi, angoje, mpaka mwenye chumba aseme karibu.