Mzee akiuliza mmesema nini, msimjibu "hamna kitu"

Nyumba nyingi zenye mzee mwenye masikio mazito zina jibu moja ambalo kila mtu hulitoa bila kufikiri. Watu wanacheka sebuleni, mzee anauliza, "Mmesema nini?" Anajibiwa, "Hamna kitu, babu." Kicheko kinaendelea. Yeye anatabasamu kidogo na kuangalia pembeni. Siku zinavyokwenda anaacha kuuliza, na wenye nyumba wanaambiana kwamba babu siku hizi amekuwa mkimya, ni uzee tu.

Naandika haya kwa sababu naamini jibu hilo linawaumiza wazee wetu kuliko uziwi wenyewe. Tukitaja afya ya akili ya mzee, mawazo yanakimbilia vidonge na hospitali. Hospitali ina kazi yake, nitaifikia. Lakini huzuni ya mzee asiyesikia vizuri mara nyingi huanzia mkekani, mezani na barazani, pale maneno yanapompita akiwa amekaa katikati ya watu wake.

Na si wachache. Shirika la Afya Duniani, katika ripoti yake ya 2021, lilikadiria kuwa watu zaidi ya bilioni 1.5 duniani wana upungufu wa kusikia wa kiwango fulani. Kwa waliovuka miaka 60, zaidi ya robo wana upungufu wa kiwango cha kuwakwamisha katika maisha ya kila siku. Maana yake ukikuta wazee wanane wamezunguka bao, usishangae wawili kati yao wakiwa wanafuata mazungumzo kwa kubahatisha.

Ndani kabisa ya sikio kuna seli ndogo zenye vinyweleo zinazopokea mtikisiko wa sauti na kuupeleka kwenye ubongo. Zikifa hazioti tena. Umri unaziua, na kelele zinaziua mapema zaidi. Wapo wazee waliosimama miaka na miaka kwenye korona, yaani mashine za kuchakata mkonge, kule Tanga, kwenye mashine za kufuma vitambaa, kwenye mashine za kusaga nafaka, bila kitu chochote cha kuziba masikio. Wengine walichomwa sindano za streptomycin kutibu kifua kikuu. Zilisaidia kuokoa maisha yao, lakini kwa baadhi yao ziliondoka na masikio. Kisukari na presha navyo vimo.

Seli zinazotangulia kufa ni zile za sauti nyembamba, na hapo ndipo mzee anapoonewa. Sauti nyembamba ndizo zinazobeba konsonanti kama s, f, t na k, wakati irabu, ambazo ni nzito, hubaki. Kwa hiyo mzee anasikia kwamba unaongea, anausikia hata ukali wa sauti yako, ila "saa", "taa" na "kaa" kwake ni neno moja. Akiwa na mtu mmoja chumbani kukiwa kimya anaelewa. Akiwa kwenye shughuli yenye muziki na watoto wanaokimbizana, haelewi. Watu wakiona hivyo wanasema, "Huyu anasikia anachotaka kusikia." Si kweli, na ni maneno ya kumdhalilisha mtu mzima.

Kumpigia kelele nako hakumsaidii. Ni sawa na kuongeza sauti ya redio isiyoshika stesheni vizuri: mkoromo unakuwa mkubwa, maneno hayaji. Tena masikio yaliyochoka namna hii mara nyingi huumizwa na sauti kubwa, ndiyo maana mzee huyohuyo aliyekuwa akisema "ongeza sauti" ghafla anafoka, "Mbona unanipigia kelele?" Na yeyote anayepita nje ataona mnamgombeza.

Sisi ni watu wa salamu. Kijana akisema "Shikamoo" na mzee asiitikie, kijana ataona amedharauliwa. Mara ya pili atapita kimya. Mzee naye ataona vijana wa siku hizi hawana adabu. Pande zote mbili zimeumia na hakuna aliyekosa. Mzee akisalimiwa na watu wachache zaidi kila mwezi, akaacha kwenda kijiwe cha kahawa kwa sababu hafuati soga, akaacha ibada ya jamaa kwa sababu spika zinapiga kelele na mahubiri hayasikiki, anabaki na nini? Kiti chake na kuta za chumba.

Niliwahi kukaa kwenye kikao cha ukoo kilichoitishwa kujadili kiwanja. Aliyekuwepo mkubwa kuliko wote ni mjomba wa mama yangu, nasi humwita babu. Waliomkaribisha walimpa kiti kizuri, chenye mto, karibu na feni ili apate hewa. Feni ilikuwa inapiga kelele sikioni mwake muda wote, na msemaji alikuwa akisoma makaratasi huku ameinamisha kichwa. Mwishoni akaulizwa kama ana neno. Akasema, "Mungu awabariki wanangu." Ikaandikwa kwamba mzee ameridhia. Jioni, tukiwa wawili kibarazani, akaniuliza taratibu, "Hivi mjukuu wangu, leo tulikuwa tunajadili nini? Mimi nilidhani ni mambo ya arobaini." Nikakaa mbele yake, nikamweleza jambo moja baada ya jingine. Akauliza maswali mawili kuhusu bikoni ya mpaka wa upande wa chini, maswali ambayo kikao kizima hakikuyauliza. Akili yake ilikuwa nzima. Sisi ndio tuliokuwa tumeamua kwamba kutikisa kichwa kunatosha.

Penye wazee haliharibiki neno, tunasema. Basi neno lenyewe limfikie.

Kuna hatari nyingine ya kumnyima mzee mazungumzo: anaonekana amechanganyikiwa. Unamuuliza habari ya mashamba, anajibu habari ya mabasi. Watu wanahitimisha kuwa kumbukumbu imekwenda. Hata kwenye chumba cha daktari, vipimo vingi vya kumbukumbu ni maswali ya mdomo: leo ni siku gani, rudia maneno haya matatu. Mtu akiulizwa hayo na mwenye barakoa, nyuma ya meza, korido ikiwa na kelele, atafeli hata kama akili yake inakata kama wembe. Ndugu anayemsindikiza aseme mapema, "Mzee wetu hasikii vizuri, tunaomba masikio yaangaliwe kwanza."

Uhusiano wa masikio na kumbukumbu upo kweli. Jopo la wataalamu la jarida la Lancet, katika ripoti ya 2024, lilitaja mambo 14 yanayoongeza uwezekano wa kupatwa na ugonjwa wa kupoteza kumbukumbu na ambayo yanaweza kushughulikiwa. Upungufu wa kusikia ni mmojawapo, tena katika yale yenye uzito mkubwa. Lakini tusiwatishe watu. Utafiti uliofanyika Marekani na kuchapishwa 2023, uliowafuata watu 977 wa miaka 70 hadi 84 kwa miaka mitatu, haukuona tofauti kwa kundi zima kati ya waliopewa vifaa vya kusikia na wasiopewa. Tofauti ilionekana kwa wale waliokuwa na hatari kubwa tangu mwanzo: kwao kushuka kwa uwezo wa kufikiri kulipungua kwa karibu nusu. Kwa hiyo anayekuuzia kifaa cha masikio kama dawa ya kumbukumbu anakuzidishia. Mimi naona sababu ya kumsaidia mzee asikie inatosha bila hiyo: aweze kuongea na watu wake.

Sonona ya mzee, ile huzuni nzito isiyoondoka, mara nyingi haina machozi. Ni chakula kinachorudi jikoni nusu, kutolala, hasira za karibu, maumivu ya mwili yasiyo na mahali, kukataa kutoka. Wengine wana mlio masikioni usiku kucha na hawasemi, kwa kuogopa kuambiwa wamepagawa. Na akianza kusema yeye ni mzigo, au amechoka kuishi, msimjibu "acha maneno hayo, babu" mkaendelea na televisheni. Kaeni naye, msimwache peke yake, na mumpeleke kwa mtoa huduma ya afya.

Nyumbani, kinachohitajika zaidi ni subira. Mguse bega au mwite jina kabla hujaanza, akuone uso, mwanga ukiwa juu yako na si nyuma yako. Mwambie kwanza mnazungumza habari ya nini. Asipokuelewa usirudie sentensi ileile mara nne, ibadilishe: "Basi limechelewa" ikigoma, sema "Mama bado yuko njiani." Televisheni izimwe wakati wa kula. Na mwenye kusimulia kichekesho amgeukie mzee, amrudishie chote, hata kama wengine wameshamaliza kucheka. Kile ndicho anachokikosa zaidi, vichekesho, kwa sababu mambo ya muhimu huwa tunajitahidi kumweleza.

Simu ni kilio kingine. Familia zimehamia kwenye ujumbe wa sauti, na mzee hawezi kuusikia wala kuona mdomo wa anayesema. Kama anasoma, mwandikieni, maneno mafupi, herufi kubwa. Mlioko mbali, Maskati au Dar, pigeni simu ya video, uso ukaribie, mwongee mmoja mmoja. Usimwachie mke wake au mjukuu mmoja kazi ya kuwa mkalimani daima. Yule naye anachoka, na upweke unamwingia kimyakimya.

Wapo wanaoniambia mzee ajifunze lugha ya alama. Ni lugha kamili, na Chama cha Viziwi Tanzania, CHAVITA, kimeipigania kwa miaka mingi. Lakini aliyeanza kupoteza kusikia akiwa na miaka 65 amezungukwa na watu wasiojua hata alama moja. Nyumba nzima ikijifunza, vizuri sana. Akijifunza peke yake ataongea na nani?

Sasa hospitali. Kwanza aangaliwe nta. Nta iliyoganda inaweza kuziba sikio kabisa, na ikitolewa na mtaalamu anasikia siku hiyohiyo. Isichokonolewe kwa njiti ya kiberiti wala pini. Sikio likizima ghafla, ndani ya siku moja au mbili, hilo ni la kuwahi kwa daktari bila kusubiri wiki. Akipewa kifaa cha kusaidia kusikia, ajue ubongo unahitaji wiki kadhaa kukizoea: mwanzoni sahani zinagongana kama mabati, kanga inachakacha kupita kiasi. Aanze kwa saa chache nyumbani. Vifaa vingi vinaishia kabatini kwa sababu hakuna aliyemwambia mzee jambo hilo, au kwa sababu betri ndogo zimeisha na hakuna wa kuzinunua.

Hospitali zetu zina dirisha la wazee, na nalishukuru. Lakini nimeona mzee akikaa mbele yake tangu asubuhi hadi adhuhuri kwa kuwa jina lake liliitwa kwa mdomo, mara mbili, kisha faili likawekwa chini. Namba zilizoandikwa kwa kalamu nene juu ya kadi, zikainuliwa juu, zingemaliza tatizo hilo kesho. Kuhusu fedha, Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote ilipitishwa 2023, na sisi wenye wazee tuwaulize wabunge wetu masikio yamewekwa wapi ndani yake. Napendekeza kila anayehudhuria kliniki ya kisukari au presha akiwa na miaka 60 na zaidi apimwe masikio angalau mara moja kwa mwaka, palepale, siku ileile. Na betri za vifaa zihesabiwe pamoja na dawa zake.